Vita vya Herufi Nne na Bango Lililogoma

Sogeeni, enyi mlio karibu, na nyinyi mlio mbali tegeni sikio la upande ulio mzima! Aliyeshika mwiko na auweke kando, mwenye mtoto mgongoni na ambembeleze, na mwenye haraka zake na aziache mlangoni pamoja na viatu, kwani haraka hazijapata kumfikisha mtu mahali pa maana. Nawaleteeni habari ya vita vilivyomwaga wino badala ya damu, na ya mwanamke aliyeketi kitini asubuhi akiwa msanifu wa mabango, akainuka alasiri akiwa shujaa, miguu ikimfa ganzi.

Aliitwa Jicho la Mwewe, na lakabu hiyo hakujipachika mwenyewe. Alikuwa akisimama ng'ambo ya barabara akaona mstari uliopinda kwa unene wa unywele. Na yasemekana siku moja aliingia dukani kununua sabuni, akatoka bila sabuni, kwa kuwa bei zilikuwa zimebandikwa upogo na muuzaji akakataa kuzinyoosha. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la kutazama barabara na meza iliyolemewa na vipande vya karatasi za rangi. Nyuma ya pazia kulikuwa na chumba cha pili, ngome ya Fundi Mtambo, mtu mwenye mwili wa kabati na sauti ya njiwa, mchungaji wa mashine kubwa ya kuchapia. Na juu ya meza, akinguruma hata asipoguswa, aliketi farasi wa vita wa Jicho la Mwewe, yaani kompyuta yake, aliyeitwa Tafakari, kwa sababu hakuwahi kutenda jambo lolote bila kulifikiri kwanza kwa kina.

Siku hiyo, wapenzi wasikilizaji, mdogo wake alikuwa akiolewa. Si mdogo wa jirani, si mdogo wa rafiki: mdogo wake wa tumbo moja, kitinda mimba, ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Na zawadi ya Jicho la Mwewe kwa bibi harusi ilikuwa bango la kufunika ukuta mzima nyuma ya kiti cha maharusi, lenye picha yao wakicheka, vitambaa vya hariri, na maneno ya dhahabu ya kuwapokea wageni. Kazi ilikuwa imekwisha. Naam, yeye aliamini imekwisha. Alikuwa amekwisha kuagiza soda baridi, akaifungua, akainyanyua mdomoni, hapo pazia likatikisika.

"Dada," akanena Fundi Mtambo akipenyeza kichwa, mkononi ana karatasi ndogo ya majaribio, "mimi ni mtu wa kuchapa, si mtu wa kuuliza. Nimewahi kuchapa kalenda iliyoruka Jumatano nikanyamaza, maana mwenye kazi aliridhika, na mimi ni nani hata nimdai mtu Jumatano zake? Lakini nami nina dada zangu walioolewa, na leo ulimi umekataa kulala. Hebu soma hapa kwenye dhahabu. Polepole. Kisha uniambie: nichape hivi hivi?"

Jicho la Mwewe akasoma. Akasoma tena. Soda ikamwingia puani.

Kwani palipopasa kuwa KARIBUNI HARUSINI, kwa herufi za kimo cha mtu, paling'ara maneno haya: KARIBUNI HASARANI.

Ole wako, mkono uandikao yale sikio lisikiayo! Maana siku aliyoyaandika maneno hayo, Shangazi, dada yake baba, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akilalama kwa sauti ya tarumbeta kwamba kuweka mayungiyungi mahali palipostahili mawaridi ni hasara, hasara ya ukuta, hasara ya rangi, hasara ya macho ya wageni. Nao mkono wa Jicho la Mwewe, uliochoka kubishana, ulikubali neno hilo ukaliandika. Na jicho lililowahi kuona unywele kutoka ng'ambo ya barabara likapita juu ya tembo lisimwone.

"Usichape!" akapaza sauti. "Fundi, shikilia mtambo kama mshikaji wa fahali! Ni herufi nne tu. S iwe R, A iwe U, R iwe S, A ya mwisho iwe I. Herufi nne! Mtoto wa chekechea huzibadilisha kwa kifutio huku akipiga chafya. Nenda ukatayarishe turubai, kabla hujalinyoosha nitakuwa nimemaliza."

"Sawa, dada," akajibu Fundi Mtambo. "Ila wapambaji wa ukumbi wanakuja alasiri kulichukua, na wino unataka muda wake wa kukauka. Wino ni kama mkwe, haukimbizwi."

Akatoweka nyuma ya pazia, na Jicho la Mwewe akalifungua faili la bango.

Enyi mliopanda milima, mliongoja mvua mwaka wa ukame, mliosimama foleni ukafungwa mlango mkiwa wa pili: hamjangoja! Tafakari alinguruma. Akanguruma zaidi. Kifeni chake kikavuma kama ndege inayotaka kuruka na haina uwanja, na katikati ya kioo pakatokea adui mkuu wa habari hii, Duara Lizungukalo, mviringo mdogo wa rangi usio na mwanzo wala mwisho wala haya. Likazunguka. Jicho la Mwewe akamaliza soda. Likazunguka. Akakata kucha ya kidole gumba. Likazunguka, hata hatimaye bango likajitokeza kipande kwa kipande: kwanza pua ya bwana harusi, kisha, baada ya kitambo cha kutosha mtu kuingia wasiwasi, sikio lake la kushoto.

Akaibofya ile S. Duara. Akaifuta. Duara. Akaandika R, na Tafakari akaitafakari R hiyo kana kwamba ameletewa kesi ya mirathi. Kisha kioo kikapauka kikawa cheupe kama mtu aliyeona jini, pakatokea maneno ya kwamba programu haiitikii, na mara bango, dhahabu, pua na sikio, vyote vikatoweka.

Shujaa mdogo angelia. Shujaa mkubwa pia angelia, naye akalia kidogo, kwa jicho moja, huku lile lingine likitazama saa ukutani. Kisha akakunja mikono ya blauzi na kuuhutubia uwanja wa vita.

"Ewe Tafakari! Nimekupangusa vumbi kwa kitambaa laini kuliko ninachojipangusia uso. Sikukutukana hata ulipokula kadi za mwaliko za watu. Leo ni siku ya mdogo wangu. Nakuomba kwa adabu: niambie unaumwa wapi."

Tafakari akatoa mlio wa *piii*, asiseme zaidi. Basi Jicho la Mwewe akaamua kumpima kama mganga apimavyo mgonjwa asiyejua kueleza.

Kwanza akatazama waliokuwa wakila pamoja na faili lile kwenye sinia moja la kumbukumbu. Loo, karamu gani! Kulikuwa na kurasa za mtandao zilizoachwa wazi tangu siku za kutafuta mitindo ya magauni, zimejipanga juu ya kioo kama kuku kwenye ua. Kulikuwa na muziki uliokuwa ukipigwa bila sauti, usimfae yeyote. Kulikuwa na programu mbili za ujumbe zikigombea kutoa habari zilezile. Akazifukuza moja baada ya nyingine, na kifeni kikashusha pumzi. Akalifungua faili. Duara likazunguka, ila kwa mwendo wa mtu aliyeanza kuchoka.

Pili akaikagua diski, akaikuta imejaa hadi kooni, haina hata pembe ya kuweka mguu, ilhali programu ya usanifu hutaka nafasi ya kutandaza kazi zake kama fundi seremala atakavyo sakafu. Akachomeka diski ya nje, akahamishia humo mabango ya kampeni za sabuni, kalenda za miaka iliyozikwa, na filamu ndefu ya binamu yake akijifunza kuendesha pikipiki, ambayo hakuna aliyewahi kuitazama mpaka mwisho kwa sababu mwisho wake ulikuwa ukutani. Akamzima Tafakari, akamwacha apumue, akamwasha. Na kama jemadari mwenye akili, kabla ya kugusa chochote akatengeneza nakala ya faili, ili likianguka moja lisianguke na jina la ukoo.

Akafungua nakala. Pua ya bwana harusi ikaja mapema zaidi. Moyo wa shujaa ukaruka. Akaibofya S.

Duara.

"Kumbe ugonjwa haumo ndani yako, Tafakari," akanena Jicho la Mwewe, sauti imeshuka. "Nimekusingizia, rafiki yangu. Ugonjwa umo ndani ya bango."

Hapo akabonyeza amri ile ivuayo kazi rangi na vivuli vyake vyote, ikabaki mistari mitupu, kama nyumba iliyoezuliwa paa ukaona vyumba na wanaolala humo. Hariri zikawa mistari michache. Maandishi yakawa mistari michache. Lakini pembeni, kulia na kushoto, palipopasa kuwa na maua, palikuwa peusi tititi! Mistari juu ya mistari juu ya mistari, imesongamana kama nywele kwenye kitana, hapapenyi jicho wala hapapiti sindano.

Akafungua orodha ya matabaka ya bango, na humo akakutana na kazi ya mikono yake mwenyewe. Tabaka la juu liliitwa "Mayungiyungi ya Mama Mdogo, usiguse". Chini yake: "Mawaridi ya Shangazi, ya mwisho". Chini yake: "Mayungiyungi ya Mama Mdogo, makubwa zaidi". Chini yake: "Mawaridi ya Shangazi, ya mwisho kabisa". Na chini yake tena, na tena, kushuka hadi mtu ahisi baridi.

Maana wiki nzima, enyi wasikilizaji, majemadari wawili walikuwa wakiingia ofisini kwa zamu. Akija Shangazi, Simba wa Mawaridi, husema, "Mwanangu, harusi bila waridi ni mazishi yenye muziki," na Jicho la Mwewe huweka mawaridi. Akitoka huyo, huja Mama Mdogo, mdogo wake mama, Malkia wa Mayungiyungi, akasema, "Mwanangu, waridi lina miiba, unamwombea nini mdogo wako?" na Jicho la Mwewe huyafunika mawaridi kwa mayungiyungi. Hakufuta hata moja; nani afute ua la shangazi yake ilhali shangazi yu hai? Alifunika tu. Na kila ua alikuwa ameligeuza kutoka picha kuwa mistari, ili lisififie likikuzwa, akalitia kivuli, akatia mwanga pembezoni mwa kivuli. Tafakari alikuwa akichora bustani sita kwa kila herufi iliyoguswa, na tano kati yake hakuna atakayeziona.

"Adui si wewe, Duara," akanong'ona. "Adui ni heshima."

Kabla hajainua mkono, mlango ukafunguliwa, wakaingia majemadari wote wawili kwa pamoja, nywele zimekwisha sukwa, vichwa vimeshikwa wima visiharibike, kila mmoja amekuja kuhakikisha kwamba maua yake yamepanda gari.

"Bango liko wapi?" akauliza Shangazi. Kisha jicho lake, ambalo bila shaka ndilo chimbuko la jicho la mpwa wake, likatua kwenye orodha ya matabaka. Akasoma kwa sauti. "Mawaridi ya Shangazi. Ya mwisho. Yako… *chini*?"

"Chini ya nini?" akauliza Mama Mdogo kwa utamu.

"Mwanangu," akanguruma Shangazi, "mimi nilikubeba mgongoni ukinitapikia, sikukuweka chini. Leo mawaridi yangu umeyaweka chini ya mayungiyungi ya huyu? Yale majani ya bwawani, kitanda cha vyura?"

"Vyura wana adabu, wifi," akajibu Mama Mdogo. "Chura hamchomi mtu kidole. Na wewe, mwanangu, usidhani sijaona: chini ya mawaridi hayo nayo kuna mayungiyungi yangu, yamelaliwa! Umenizika mara ngapi?"

"Niambie nami mara zangu!"

Wakaanza kuhesabu kwa vidole, kichwa wima, sauti zikipanda, na nje ya dirisha muuza miwani aliyekuwa akipita akasimama kusikiliza. Fundi Mtambo akachungulia, akaona hali ya hewa, akarudi ndani kwa kinyumenyume.

Jicho la Mwewe akasimama.

"Shangazi yangu, Mama yangu Mdogo," akasema, "mtanigombeza mkitaka, na mtakuwa na haki, ila mtanigombeza kesho. Niliogopa kumwambia mmoja wenu hapana, nikamwambia kila mmoja ndiyo, na ndiyo zimejaa hadi mashine imeshindwa kuzibeba. Lakini kwanza someni haya maneno ya dhahabu. Nawaomba. Someni kama wageni waingiao."

Akarudisha rangi. Duara likazunguka, wote watatu wakalitazama, na polepole dhahabu ikapanda kama jua lenye habari mbaya.

"Karibuni," akasoma Shangazi.

"Ha-sa-ra-ni," akamalizia Mama Mdogo.

Wote wawili wakaona kwa wakati mmoja, akilini, upande wote wa bwana harusi ukiingia ukumbini, umevaa, umetia manukato, umeinua macho.

"Wakwe watasema tumewatangazia hasara," akasema Shangazi, amepoteza tarumbeta yote.

"Mama yake bwana harusi huvaa miwani siku hizi," akasema Mama Mdogo. "Anasoma kila kitu."

"Basi badilisha, mwanangu! Unangoja nini?"

"Siwezi, Shangazi. Nikigusa herufi, mashine inazama. Maua ni mengi mno."

Shangazi akavuta pumzi iliyomfanya awe mrefu zaidi. Naye aliyoyanena hapo hayajapata kunenwa katika ukoo ule. "Toa yangu."

"Hapana," akasema Mama Mdogo, ameudhika. "Ati atoe yako, kisha kesho useme wewe ndiye uliyeokoa harusi? Toa yangu kwanza, mwanangu."

"Yangu ndiyo mazito! Mawaridi yana petali nyingi!"

"Yangu ndiyo makubwa zaidi, imeandikwa hapo! Soma!"

"Mimi ni shangazi wa bibi harusi, dhabihu huanza kwangu!"

Jicho la Mwewe akaona kwamba vita vya pili vinazaliwa ndani ya tumbo la vile vya kwanza. Upesi, kama mwewe kweli, akayakamata matabaka yote ya maua kwa pamoja, ya mwisho na ya mwisho kabisa, asimtangulize huyu wala yule, akainua kidole. "Yote pamoja," akasema. "Semeni bismillahi ya moyoni." Akafuta.

Duara likatokea. Lilikuwa duara la kufa na kupona. Likazunguka, Shangazi akamshika Mama Mdogo mkono. Likazunguka, Mama Mdogo akaubana mkono wa Shangazi hadi bangili zikalia. Kifeni kikapanda, kikapanda, kikafika pale ambapo vifeni vya kawaida huomba ruhusa ya kustaafu.

Kisha kikashuka. Kikanong'ona. Kikanyamaza.

Na Duara Lizungukalo likakatika, likaisha. Bango likabaki wazi, jepesi, likisogezwa linasogea, likikuzwa linakua, utadhani limevuliwa gunia la mawe mgongoni.

"Alaa!" akasema Shangazi. "Kumbe maharusi wana sura nzuri hivi?"

Jicho la Mwewe akaleta waridi moja na yungiyungi moja, kila ua mara moja tu, sasa yakiwa picha za kawaida zilizopunguzwa kufikia kipimo cha bango, hayana mistari ya kumlemea mtu. Akauliza lipi liende kulia, akajutia swali lake papo hapo, kwani vichwa viwili vilianza kugeuka. Lakini akili yake ilikuwa imewaka siku hiyo. "Waridi litakuwa kulia kwa wageni watazamao," akatangaza, "na yungiyungi litakuwa kulia kwa maharusi wakaao." Majemadari wakalipima neno hilo kwa muda mrefu, kila mmoja akatafuta alipodhulumiwa, asipaone. Wakatikisa vichwa kukubali, kwa uangalifu, kwa ajili ya nywele.

Sasa njoni muone, enyi mlionifuata hadi hapa! Jicho la Mwewe akainamia kibodi. Akaipiga S, ikaanguka, na R ikasimama mahali pake pasipo kungoja. Akaipiga A, ikatawazwa U. Akaing'oa R ya pili, S ikarudi nyumbani kama mwana aliyepotea njia, lakini si mbali. Ikabaki A ya mwisho, ngome ya mwisho ya Hasara. Shangazi akafumba macho. Mama Mdogo akafumba moja. Kidole kikashuka, na I ikasimama wima, nyembamba, imara, ya dhahabu.

"Fundi!" akaita Jicho la Mwewe. "Fungulia fahali!"

Mtambo ukalia nyuma ya pazia, na bango likaanza kutoka, kipande kwa kipande, pua ya bwana harusi ikitangulia. Wapambaji walilikuta limekauka, isipokuwa ncha ya petali moja ambayo Fundi Mtambo aliipuliza kwa mdomo wake mwenyewe.

Jioni ukumbi ulijaa. Jicho la Mwewe aliketi safu ya tatu, mikono mapajani, akiwatazama wageni wakiingia. Waliinua macho kwenye bango, wakayashusha, wakatafuta viti. Hakuna aliyestaajabu. Hakuna aliyesimama mbele ya neno Harusini akasema, tazameni herufi hizi, zilivyo mahali pake! Ndivyo ulivyo ulimwengu: kilichokosewa hupigiwa kelele, na kilichonyooka hupitwa kimya.

Mpaka akaingia mama yake bwana harusi, na miwani yake. Akasimama mlangoni. Akanyoosha shingo, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, kama mtu akaguaye mkataba: "Ka-ri-bu-ni… Ha-ru-si-ni." Akatikisa kichwa, ameridhika.

Jicho la Mwewe hakujizuia. Alisimama peke yake katikati ya ukumbi uliotulia, akapiga makofi. Kofi la kwanza likalia kama mlango. Kabla watu hawajageuka kumshangaa, Shangazi upande mmoja na Mama Mdogo upande wa pili wakaachia vigelegele kwa pumzi moja, wala hakuna aliyemtangulia mwenzake. Wageni, wasijue lililoshangiliwa ila wakiona wenyeji wameanza, wakainuka wote, wakapiga makofi, wakapiga miluzi, wapiga muziki wakadhani ni ishara yao wakaanza, na bibi harusi, aliyekuwa bado mlangoni akinyooshewa gauni, akaingia kabla ya wakati wake katikati ya kishindo kile, akicheka, akimtafuta dada yake kwa macho.

Basi na ijulikane kwa waliopo na watakaozaliwa: siku ile ukumbi wa watu mia kadhaa ulisimama kwa miguu yake kuziheshimu herufi R, U, S na I. Hakuna herufi nne zilizowahi kushangiliwa hivyo tangu watu waanze kuandika.